Jinsi ya kuchagua gari jepesi la spoti kwa raha ya usukani

Mwulize mtu anayetafuta gari la spoti anataka nini, mara nyingi atakutajia nguvu za farasi kabla hujamaliza swali. Mwongozo huu unaanzia kwenye mizani. Nguvu ya injini inaongezeka baadaye, breki zinabadilishwa, na tairi zitabadilishwa tu upende usipende. Uzito ndio utakaokaa nao mpaka siku unaliuza gari, na ndio unaoamua kama kona ya kawaida, kwa mwendo halali, itakuchangamsha au utaipita bila kuisikia. Ndiyo maana hatua hizi zinatanguliza yasiyorekebishika, kisha yanayorekebishika.

Hatua ya 1: Jua uzito unafanya nini

Chukua magari mawili yanayokwenda kilomita 100 kwa saa, moja la kilo 1,000 na jingine la kilo 1,600. Nishati ya mwendo inapanda sawasawa na uzito, kwa hiyo hilo zito limebeba nishati zaidi kwa asilimia 60, na yote hiyo breki zinatakiwa ziigeuze kuwa joto kila unaposimama. Ukirudia mara kadhaa kwenye mteremko wa milimani, pedi zinachemka, pedali inalainika na imani yako inayeyuka nayo. Gari jepesi linafanya kazi ileile kwa diski ndogo, na diski ndogo nazo ni nyepesi, kwa hiyo shokomzoba na springi zina kazi ndogo ya kuituliza tairi inaporuka shimo. Wepesi huzaa wepesi. Uzito nao huzaa uzito: injini kubwa inataka giaboksi nene, giaboksi nene inataka chasisi imara zaidi, chasisi inataka breki kubwa, breki kubwa zinataka rimu kubwa, na mwisho unapata gari la kasi ambalo raha yake inaanzia kwenye mwendo wa kukupeleka mahakamani.

Kwenye tairi kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukiiongezea tairi mzigo mara mbili, mshiko wake unaongezeka, lakini hauongezeki mara mbili. Gari zito kwenye kona linaegemea tairi zake za nje, zinabebeshwa mzigo mkubwa na kulipa mshiko kidogo kidogo. Dawa yake ni tairi pana, na tairi pana zina gharama yake: usukani unakuwa mzito au unasaidiwa sana na mota, na mshiko ukikatika unakatika ghafla. Gari jepesi linaridhika na tairi nyembamba. Elise ya kwanza ya Lotus, ya 1996, ilikuwa na tairi za mbele za upana wa milimita 185 tu, na ni moja ya magari yanayosifiwa zaidi kwa usukani katika miongo hii yote.

Tena gari jepesi halihitaji springi ngumu ili bodi lake lisilale. Ndiyo sababu mengi ya magari haya yanapita barabara mbovu kwa utulivu kuliko sedani nzito iliyofungwa springi za kispoti. Ukikutana na gari jepesi linalokurusha kila mahali, mshuku mwenye gari kabla ya kulishuku gari. Kuna uwezekano mkubwa limeshushwa karibu na ardhi.

Ulipo uzito nao ni muhimu kama kiasi chake. Shika ndoo mbili za maji karibu na mwili wako, ujigeuze haraka kulia na kushoto. Kisha inyooshe mikono na ujaribu tena. Uzito ni uleule, lakini sasa unachelewa kuanza kugeuka na unachelewa kusimama. Gari lenye injini katikati ya ekseli zake linageuka kama wewe ulipozishika ndoo karibu na mwili. Wahandisi wa Mazda walilielewa hili walipotengeneza MX-5 ya 1989: injini imerudishwa nyuma ya ekseli ya mbele, boneti ni ya aluminiamu, na betri imehamishiwa kwenye buti ili mbele na nyuma vikaribie kubeba nusu kwa nusu.

Kwa maoni yangu, kilo 1,250 ndio ukomo wa kuliita gari jepesi kwa kazi hii, na utamu wenyewe uko kati ya 700 na 1,100.

Hatua ya 2: Soma namba kwa jicho kali

Uzito unaotangazwa haupimwi kwa namna moja. Kuna uzito mkavu, bila mafuta wala oili, unaopendwa na watengenezaji wadogo kwa sababu unapendeza. Kuna uzito wa kanuni za Ulaya, ambao unahesabu dereva na mzigo wake mdogo kwa kilo 75, pamoja na tangi lililojaa asilimia 90. Gari moja linaweza kutofautiana kwa zaidi ya kilo 100 kutegemea umesoma wapi. Kabla ya kulinganisha magari mawili, hakikisha namba zao zimetokana na kipimo kimoja, na angalia vikorombwezo: paa la chuma la kukunja, viti vya umeme, rimu za inchi nyingi. Gari moja kwenye soko la mitumba linaweza kuwa limebeba kilo nyingi za vitu ambavyo ndugu yake hana.

Uwiano wa nguvu kwa uzito nao usikudanganye. MX-5 ya kwanza, yenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi kama 115, ina takriban kilo 8 kwa kila farasi mmoja. Gari la kilo 1,600 lenye nguvu za farasi 200 lina kilo 8 kwa farasi vilevile. Kwenye mstari ulionyooka yatakwenda yakikaribiana. Kwenye kona ya kwanza baada ya breki kali, utajua kwamba uwiano ule haukukuambia lolote kuhusu kilo 600 na zaidi zinazotaka kuendelea moja kwa moja.

Hatua ya 3: Amua gari litaishi maisha gani

Hapa ni swali fupi na jibu lake liwe la kweli. Litakuwa gari la kila siku, la wikiendi, au la kupeleka kwenye uwanja wa mbio? Caterham Seven ni ukoo wa Lotus Seven ya 1957, na kampuni ya Caterham ilichukua haki ya kuitengeneza mwaka 1973. Toleo lake liitwalo 170 lina kilo 440 na injini ya Suzuki ya cc 660. Hakuna gari jipya litakalokupa zaidi kwa kilo chache hivyo, na pia hakuna litakalokulowesha zaidi mvua ikikukuta barabarani. Mtu wa kila siku akinunua Caterham atalichukia kabla mwaka haujaisha. Mtu mwenye gari jingine la kazi atalipenda miaka yote.

Fikiria mizigo, abiria na mahali pa kulilaza. Paa la turubai linataka kivuli. Fikiria pia fundi: gari zuri ambalo hakuna anayelijua karibu nawe litashinda juu ya mawe.

Hatua ya 4: Chagua injini ikae wapi

Injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma. Huu ndio mpangilio ninaompendekezea mtu anayenunua gari lake la kwanza la aina hii. Tairi za mbele zinafanya kazi moja, kugeuza, kwa hiyo usukani unakueleza habari safi. Tairi za nyuma zinasukuma, kwa hiyo mguu wako wa kulia unapata sauti kwenye kona: ongeza mafuta kidogo na gari linajipanga, ongeza mno na mkia unaanza kutoka. Kwenye gari lenye nguvu za wastani mkia huo unatoka polepole, na unapata muda wa kuurudisha. Mazda MX-5, Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, Honda S2000, na Toyota AE86 ya 1983 hadi 1987 wote wako kundi hili.

Injini katikati, nyuma ya mgongo wako. Gari linaingia kona kwa wepesi wa ajabu, na ukikanyaga mafuta ukitoka linashika barabara kwa sababu uzito uko juu ya tairi zinazosukuma. Bei yake ni adhabu. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona kali, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na kwa sababu gari zima linajizungusha kirahisi, linajizungusha kweli. Toyota MR2 ya kizazi cha pili, iliyoanza 1989, ilipata sifa hiyo mbaya katika miaka yake ya mwanzo mpaka Toyota ikabadilisha suspensheni yake ya nyuma. Haimaanishi uyaogope magari haya. Elise, MR2 ya kizazi cha tatu na Alpine A110 ni waalimu wazuri sana. Ila jifunze kwanza kuachia mafuta kwa upole, na usijifunzie barabarani.

Injini mbele, tairi za mbele zinavuta. Wapenzi wengi wanaliruka kundi hili, na nadhani wanapoteza. Peugeot 205 GTI ya 1984 ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 105 kwenye bodi jepesi sana, na ukiachia mafuta kwenye kona mkia wake unasogea kusaidia kugeuka. Honda Integra Type R ya miaka ya 1990 ilifungwa difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, ili gari livute kutoka kwenye kona badala ya kupiga kelele papo hapo. Suzuki Swift Sport iliyotoka 2017 iko chini kidogo ya tani moja na inabeba watu wanne. Mwenye familia asione aibu kuanzia hapa.

Hatua ya 5: Kaa ndani kabla ya kuwasha

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua ndoto nyingi. Gari dogo limetengenezwa kukaa karibu na mwili, na miili haifanani. Funga mlango, funga mkanda, weka kiti pale ambapo goti linabaki limepinda kidogo ukikanyaga klachi mpaka mwisho, na kifundo cha mkono kinalala juu ya usukani bila bega kutoka kwenye kiti. Sasa jiulize: goti linagusa usukani? Paa likifungwa, kichwa kina nafasi? Macho yako yanatazama kupitia kioo, au yanatazama fremu ya juu ya kioo?

MX-5 za vizazi viwili vya kwanza usukani wake hausogei kabisa. Kizazi cha nne kilipoanza 2015 usukani ulipanda na kushuka tu. Kuvutwa kuja kwa dereva kuliongezwa kwenye maboresho yaliyofuata miaka michache baadaye. Kwa mtu mrefu tofauti hiyo si ndogo. Elise nayo ina kizingiti kipana cha aluminiamu unachotakiwa kukivuka ndipo uteremke kwenye kiti. Jaribu kuingia na kutoka paa likiwa limefungwa, si kwa wazi tu kama muuzaji atakavyotaka.

Angalia pedali. Kwenye gari la gia ya mkono, jaribu kukanyaga breki kwa mbele ya mguu huku ubavu wa mguu uleule ukigusa mafuta, kwa sababu ndivyo utakavyopandisha mzunguko wa injini unaposhusha gia. Pedali zikiwa mbali mno au breki ikikaa juu mno kuliko mafuta, hutaweza, na furaha yako nusu imekwisha.

Hatua ya 6: Tengeneza orodha fupi, na ujue ugonjwa wa kila mmoja

*Mazda MX-5.* Ikiwa huna sababu nzito ya kununua jingine, nunua hili. Mwaka 2016 Mazda ilivuka magari milioni moja ya MX-5 yaliyotengenezwa, kwa hiyo vipuri na maarifa vimejaa duniani. Vizazi viwili vya kwanza, mpaka 2005, vina mikono miwili ya suspensheni kila tairi, usukani wa kuongea na uzito wa takriban tani moja. Adui yao ni kutu, hasa kwenye vizingiti vya pembeni karibu na tairi za nyuma, na kwenye kizazi cha pili hata kwenye boriti za mbele za chasisi. Magari ya mwanzoni kabisa, 1989 hadi 1991, yalikuwa na ncha fupi ya krenki ambayo puli yake inaweza kulegea na kuila, kwa hiyo mwenye gari aulizwe. Kizazi cha tatu, kuanzia 2005, ni kikubwa kidogo na kinapuuzwa bure, kwa sababu kina nafasi na ni imara. Cha nne kilirudi kwenye wepesi: kilo 1,000 hadi 1,100 hivi. Injini ya lita 1.5 inapenda kuzungushwa na inatosha kwa raha, japo toleo la lita 2.0 lililoboreshwa, lenye nguvu za farasi zipatazo 180, ndilo kamili zaidi. Kwa magari ya mwanzo ya kizazi hiki sikiliza giaboksi kwa makini.

*Toyota GT86 na Subaru BRZ.* Zilitoka 2012 zikiwa na injini bapa (silinda zake zimelala ubavu) ya lita 2.0 iliyowekwa chini sana, nguvu za farasi 200, na kilo 1,240 hivi. Watengenezaji waliziwekea makusudi tairi za kawaida za upana wa 215, ili gari liteleze mapema na kwa upole. Watu walilalamika kwamba hazina nguvu. Waliolielewa kusudi hilo waliziendesha wakitabasamu. Kizazi cha pili kina injini ya lita 2.4 na malalamiko yale yameisha. Kwa magari ya mwanzo uliza kama lilihusika katika mwito wa watengenezaji wa 2018 wa kurudisha magari yabadilishiwe springi za valvu, na nani aliifanya kazi hiyo. Injini inafunguliwa kwa kiasi kikubwa, na kazi mbaya hapo inaumiza.

*Toyota MR2 ya 1999 hadi 2007.* Hili ndilo lililosahaulika na wengi: injini katikati, lita 1.8, takriban tani moja. Hakuna buti la maana, ni nafasi ndogo nyuma ya viti tu. Injini zake za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, na vichujio vidogo vya kwanza vya ekzosi vinaweza kumomonyoka na kupeleka vumbi lake kwenye silinda. Wenye nayo wengi wameviondoa. Uliza.

*Lotus Elise.* Chasisi yake ni mihimili ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, haikuchomelewa, na ina uzito wa kilo 68 pekee. Toleo la kwanza lilikuwa na kilo 720 na ushee. Usukani hauna msaada wowote, na baada ya saa moja nao, usukani wa magari mengine utauona umevaa glavu. Kuanzia 2004 zilikuja zenye injini za Toyota, ambazo wengi wanazipendelea kwa uimara. Zile za kabla yake, za injini ya Rover, zikaguliwe gasketi ya silinda hedi: fungua kifuniko cha oili utafute utando wa rangi ya maziwa, na utazame kulanti kama inapungua. Chasisi ikipinda hainyooshwi kama ya chuma, kwa hiyo historia ya ajali hapa ina uzito kuliko kilomita.

*Honda S2000.* 1999 hadi 2009, awali ikiwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo inayokwenda mpaka karibu mizunguko 9,000 kwa dakika, na gia yenye kutembea kwa ufupi wa kupendeza. Iko kwenye ukomo wa uzito niliouweka. Usukani wake wa umeme haukwambii mengi, na matoleo ya mwanzo yanataka heshima kwenye barabara yenye maji. Lakini injini ile peke yake ni sababu tosha.

*Alpine A110*, iliyotoka 2017, inathibitisha kwamba gari la kisasa lenye kiyoyozi na mifuko ya hewa linaweza kubaki kwenye kilo 1,100: bodi la aluminiamu, injini katikati, nguvu za farasi 252. Inakuja na giaboksi ya otomatiki yenye klachi mbili tu. Kama raha yako iko kwenye pedali ya kushoto, tafuta kwingine.

Na usiwapite wadogo wa Japani wa 1991: Honda Beat, kilo 760, injini katikati ya cc 656 bila turbo, na Suzuki Cappuccino, kilo 700 hivi, injini mbele na turbo. Vyote vina nguvu za farasi 64. Unaweza kukanyaga mafuta mpaka chini, kupanda gia tatu mfululizo, na bado hujavunja sheria yoyote. Bodi zake sasa zina umri, na vipuri vya nje ndivyo vigumu kupata.

Hatua ya 7: Kagua kwa mikono

Nenda mchana, gari likiwa kavu, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi haifichi mengi.

Kwenye MX-5 za zamani fanya jaribio hili dogo. Nyuma ya viti, kwenye pembe ambapo turubai linakunjwa, kuna tundu la kutolea maji kila upande. Mimina kikombe kimoja cha maji polepole huku mwenzako akitazama chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma. Maji yakitoka moja kwa moja, vizuri. Yasipotoka, yameingia ndani ya kizingiti, na yamekuwa yakiingia humo kila mvua kwa miaka. Piga goti, pitisha vidole kwenye kingo ya chini ya kizingiti. Ukisikia rangi imevimba kama malengelenge, bonyeza kwa kidole gumba. Chuma kizuri hakitikisiki. Kikilalia ndani au ukisikia mchakacho wa karatasi, hesabu gharama ya kukata na kuchomelea kabla ya kutaja bei yoyote.

Tazama tairi zote nne. Ubavuni kuna namba nne za mwisho zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Magari haya hayatembei sana, kwa hiyo tairi nyingi zina kashata za kutosha lakini mpira umezeeka na kuwa mgumu, na tairi ngumu kwenye gari jepesi inateleza bila taarifa. Tairi za aina mbili tofauti mbele na nyuma pia zinakuambia tabia ya mwenye gari. Kuisha upande mmoja tu kunaashiria alaimenti mbaya au mkono uliopinda.

Bushi za mpira zina umri kama gari lenyewe. Zikipasuka, gari linajibu usukani kwa kuchelewa, na mnunuzi anaondoka akisema "hili halina sifa zile nilizosoma." Sifa zipo, zimezikwa kwenye mpira uliochoka. Habari njema ni kwamba hilo linatibika. Afadhali gari lenye bushi chakavu na chasisi safi kuliko lenye shokomzoba mpya za bei kubwa juu ya kutu.

Gari lililobadilishwa sana liangalie kwa tahadhari zaidi. Risiti za vifaa ni jambo moja. Risiti za matengenezo ya kawaida ndizo ninazozitafuta mimi.

Hatua ya 8: Liendeshe ukisikiliza, bila kulikimbiza

Huhitaji kasi kujua gari. Tafuta mzunguko wa barabara usio na magari mengi na uupite kwa kilomita 40 kwa saa, ukishika usukani kwa vidole badala ya ngumi. Unapogeuza, uzito unatakiwa ujengeke mikononi hatua kwa hatua kadiri tairi zinavyobana. Shikilia usukani palepale, ongeza mafuta kidogo: pua inapanuka nje taratibu. Punguza: pua inarudi ndani. Kama gari linakuonyesha mambo hayo mawili kwa mwendo huo mdogo, liko hai. Kama hakuna kinachobadilika mikononi wala kiunoni, kuna kitu kimechoka au gari hilo limezaliwa bubu.

Kisha breki, kwenye barabara tupu iliyonyooka. Pedali iwe ngumu na ishuke kidogo tu, gari lisivute upande, usukani usitetemeke. Gia: ingia ya pili injini ikiwa bado baridi. Ukaidi kidogo ni wa kawaida kwa magari ya umri huu, mkwaruzo si wa kawaida. Pitia mahali pabovu ukiwa kwenye kona nyepesi. Gari jema linameza tuta na kubaki kwenye mstari wake, na lenye shokomzoba zilizokufa linaruka hatua moja pembeni.

Endesha angalau magari mawili ya aina moja kabla ya kuamua. Hali ya gari inapita jina lake. MX-5 iliyotunzwa itaishinda Elise iliyopuuzwa kwa kila kipimo ninachokijali.

Hatua ya 9: Ukishalipata, tumia fedha kwa mpangilio

Badilisha mafuta ya breki kwanza. Yananyonya unyevu hewani, kiwango chake cha kuchemka kinashuka, na hujui mara ya mwisho yaliguswa lini. Kisha tairi nne za aina moja, za upana wa kiwandani. Usipanue. Kisha bushi na shokomzoba kama zinahitaji, na alaimenti mwishoni, ukiwa umekaa kwenye kiti au umeweka uzito wako hapo, kwa sababu kwenye gari la kilo 900 dereva ni sehemu kubwa ya mzigo. Mwambie fundi akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na akuonyeshe ulalo wa kila tairi na kama zinaangalia ndani au nje. Gari jepesi linaitikia mabadiliko madogo ambayo gari zito lisingeyasikia.

Rimu ukitaka kubadilisha, tafuta nyepesi kuliko za mwanzo, si kubwa. Nguvu za injini ziache kwa sasa. Fedha hizo zilipie siku moja na mwalimu kwenye uwanja ulioloweshwa maji, ambako mkia unaweza kutoka kwa mwendo mdogo bila kumdhuru mtu.

Baada ya hapo kilichobaki ni upepo wa tairi. Anza na kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, upime tairi zikiwa baridi, kisha ujaribu kupunguza au kuongeza kidogo sana, mbele au nyuma, usibadilishe pande zote mbili kwa pamoja, na uandike kila mara gari lilivyoitikia.